Bado Anaongea

Nianze na simu niliyompigia fundi wa madishi, maana hapo ndipo nilipojifanya kichekesho bila kukusudia.

Ilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi. Nimesimama sebuleni, rimoti mkono huu, simu mkono huu, na televisheni mbele yangu imeandika maneno mawili niliyoyatazama tangu Jumapili: HAKUNA MAWIMBI. Upepo wa Jumamosi ulilipiga dishi likainama kama mtu aliyefumaniwa. Fundi, yule yule aliyetufungia miaka saba iliyopita, akaniambia yuko safarini, atarudi Jumanne.

"Jumanne!" nikasema. "Mimi nataka leo, kabla ya saa kumi jioni. Baada ya hapo hata ukilifunga juu ya mwezi sina haja nalo."

"Basi, mama, nitakuelekeza. Nikutumie video uone mwenyewe linavyogeuzwa. Hapo nyumbani una wifi?"

"Ninaye," nikasema, "ila hatusemezani. Mwezi wa kumi na moja huu."

Nikamsikia anacheka mpaka anakohoa. "Mama, namaanisha intaneti."

"Si ungesema intaneti! Wifi niliyenaye mimi ana cherehani na goti bovu, na mawimbi hatoi."

Alicheka yeye, mimi sikucheka. Akaona heri anielekeze kwa mdomo. Legeza nati za nyuma, usizitoe. Sogeza dishi upana wa kidole, si zaidi. Kisha hesabu mpaka tano, kwa sababu king'amuzi huchelewa kuona. Kwenye televisheni kuna mistari miwili, mmoja unaonyesha nguvu ya mawimbi, wa pili ubora. "Usidanganywe na nguvu, mama. Nguvu inaweza kujaa na ubora ukawa sifuri. Hapo umekamata kitu kisicho chako. Tafuta ubora." Mwisho akasema kazi hiyo ni ya watu wawili, mmoja juu na mmoja kwenye televisheni. "Nani atakutazamia?"

"Nitajitazamia mwenyewe," nikasema, nikakata simu.

Sasa nikueleze kwa nini saa kumi. Mume wangu alikuwa fundi saa. Meza yake ilikuwa chini ya ngazi za jengo la zamani mjini, kijimeza kama cha mwanafunzi, na hapo alikaa miaka thelathini na nne na ile lenzi yake jichoni. Mtu mpole, mwenye mikono midogo, na mchelewaji hakuna mfano. Fundi saa, lakini siku ya harusi yetu nilimngoja saa nzima na robo. Mimi nilikuwa mpishi wa shule. Watoto mia nne niliwaita kula bila kengele, na walimu wenyewe ndio walionibandika jina la Spika. Watu walishangaa tulivyooana, spika na saa ya mkononi, lakini tulikaa.

Miezi miwili kabla hajaugua, watu wa televisheni walikuja na kamera zao kutengeneza kipindi juu ya kazi za mikono zinazopotea. Wakamhoji pale pale mezani kwake. Aliporudi nyumbani nikamwuliza amesema nini. Akasema, "Utaona." Ndivyo alivyokuwa, swali la leo analijibu wiki ijayo. Kipindi kikaja kuonyeshwa siku ile ile tuliyomzika. Televisheni ilikuwa imetolewa sebuleni kupisha waombolezaji, imefunikwa shuka chumbani. Mimi nimekuja kuambiwa na muuza maziwa, tena kwa kupitia tu, "Nilimwona mzee kwenye televisheni." Nikaandika barua kituoni, wakasema imepokelewa. Nikaandika tena, ikapokelewa tena. Kupokea wanajua. Hatimaye Jumatano jioni binti mmoja wa kituo akanipigia: kipindi cha mzee kitarudiwa Alhamisi, saa kumi kamili jioni, mara moja, halafu basi.

Usiniambie ningeenda kwa jirani. Mtaa mzima wenye madishi ni mimi na mwalimu wa ng'ambo ya barabara, na mwalimu hutoka alfajiri na funguo zake zote. Waliobaki wana antena za kawaida, na kituo kile antena haikipati.

Picha zake ninazo, hata nyingi mno. Nisichokuwa nacho ni sauti. Simu yangu ni ile ya vitufe, hairekodi kitu. Na sauti, mwenzangu, ilikuwa inaniponyoka. Najua kwamba nikipandisha hasira alikuwa ananiambia, "Taratibu, mama, taratibu." Maneno ninayo. Lakini nikiyarudia kichwani nayasikia kwa sauti yangu mimi, na mimi sijapata kumwambia mtu yeyote taratibu. Kila wiki ilipungua kidogo, mpaka nikawa naogopa kuijaribu. Nilitaka niisikie mara moja tu, niishike vizuri. Hilo tu ndilo nililolitaka kwa mwaka mzima ule.

Enzi zake, dishi likisumbua, yeye alipanda kwenye paa la jiko, ambalo ni fupi, na mimi nikasimama dirishani. "Bado! Bado! Hapo hapo! Ala, umepitiliza! Rudi!" Mtaa mzima ulijua kwetu wanatafuta mawimbi. Na wifi yangu, dada yake, anayekaa vyumba viwili vya uani, alitoka na kiti chake akakaa kutukosoa sote wawili. Mimi nikimjibu, yeye akinirudishia, mume wangu juu anasema taratibu. Ilikuwa nyumba ya makelele. Sikujua kwamba makelele ni kitu cha kutamaniwa.

Ugomvi wetu ulikuwa huu. Mume wangu alilala hospitali siku tatu bila kutamka neno. Siku ya nne, saa nne asubuhi, akafungua macho na kuniuliza kama nimekula. Chaji ya simu ilikuwa ndogo, nikamtuma jirani aliyekuwa amekuja kumtazama: kimbia kwa wifi, mwambie ameamka, anaongea. Saa sita wifi akanipigia. Wodini kulikuwa na vurugu za vigari vya chakula. Akaniuliza, "Vipi, anaongea?" Nikamwambia, "Bado!" Simu ikazima, chaji imekwisha. Akaongea mpaka saa nane na nusu, akamwulizia dada yake mara mbili. Saa tisa akafa. Wifi alifika saa kumi na chupa ya chai.

Tulipotoka kuzika, mbele ya watu, akaninyooshea kidole. "Nilikuuliza kama anaongea, ukaniambia bado! Kumbe ameongea tangu asubuhi. Ulitaka maneno yake uyamalize peke yako!" Nami na mdomo wangu huu, unafikiri ningenyamaza? "Nilikwambia bado, na hukuja! Nani alikuzuia? Cherehani ndiyo ndugu yako!" Watu wakatutenganisha. Siku ile nilimwona ni mwongo mkubwa, ametafuta pa kutupia kosa lake, na mimi ndiye nimeangukiwa.

Tangu hapo, ua mmoja, bomba moja, kamba moja ya nguo, na salamu hakuna. Siku zangu za kufua ni Jumatatu na Alhamisi, zake ni Jumanne na Ijumaa, na hatukupangiana, ilijipanga. Mimi nafagia mpaka kwenye mfereji, yeye anafagia kuanzia kwenye mfereji. Mfereji wenyewe haufagiwi na mtu.

Ndani, saa za ukutani zilisimama moja baada ya nyingine. Sikujua kuzitia ufunguo na sikutaka kujifunza. Nikipika, sufuria ndogo kabisa inabakiza. Nilizoea kumjibu mtangazaji wa habari, ananiambia habari za jioni, namwambia nzuri, za kwako. Televisheni ilipozimika Jumapili nilikaa siku nne bila kusikia sauti ya mtu ndani ya nyumba ile ila yangu mwenyewe, na yangu nimeichoka.

Basi nikajikaza kisabuni, nikaegemeza ngazi.

Mtu wa miaka sitini na tatu kupanda paa si jambo la kutangaza, lakini mikono ninayo, sufuria za shule zilinipa. Nikalegeza nati. Nikasogeza kidole kimoja, nikahesabu mpaka tano, nikashuka, nikavua ndala, nikaingia sebuleni. Nguvu sitini, ubora sifuri. Nikapanda. Nikasogeza. Nikashuka. Nguvu sabini, ubora sifuri. Mara ya nne niliacha kuvua ndala. Mara ya saba niliacha kuhesabu. Mara ya kumi na moja nilikaa kwenye ngazi katikati, si juu si chini, nikamtukana fundi, nikalitukana dishi, nikamtukana na marehemu kwa kunichekea kule aliko.

Nikapata akili nyingine. Nikang'oa kioo cha kabati, nikakiegemeza kwenye kiti mbele ya televisheni ili nikione kutoka juu kupitia dirishani. Nikapanda. Nilichokiona kwenye kioo ni kipande cha pazia na nusu ya uso wangu, umejaa vumbi. Saa tisa na dakika kumi ikawa imefika.

Ndipo mlango wa uani ukalia. Wifi akatoka. Na kumbe alikuwa amevaa gauni lake la kijani la kutokea, kajipaka na mafuta, nikajua binti wa kituo amempigia na yeye. Kavaa nguo nzuri kumwangalia kaka yake, na pa kumwangalia hana ila kwangu. Hakunitazama. Akaielekea kamba ya nguo, ikiwa na nguo zangu maana ilikuwa Alhamisi, akaanza kuliambia shuka langu.

"Watu wengine wanageuza dishi kama wanakoroga ugali," akaliambia shuka.

Mimi nikaliambia dishi: "Na wengine wanajua sana kusema wakiwa chini."

"Kaka alikuwa analielekeza juu ya tangi la maji la mwalimu, kidogo kushoto. Kila mtu anajua hivyo. Ila wenye vichwa vigumu." Hayo nayo yalikwenda kwa foronya.

Nikatazama tangi la mwalimu. Mimi nilikuwa nimelielekeza kuliani kabisa, kwenye nguzo ya umeme. Miaka yote ile nilikuwa dirishani nikipiga kelele, sikuwahi kujua juu kunatazamwa nini. Nikaligeuza kushoto kimya kimya.

Ilibaki kumwomba. Neno lenyewe herufi nne, na lilikuwa na kutu kuliko nati zote za dishi. Nikafikiria kushuka na kupanda mara nyingine kumi na moja. Nikafikiria ile saa kumi itakavyofika, ipite, nibaki na sauti yangu.

"Wifi," nikasema.

Akaacha shuka.

"Wifi, ingia sebuleni. Unitazamie."

Nilimsikia anaburuta lile goti kuzunguka nyumba, nikasikia mlango wangu, nikasikia anagonga kioo cha kabati na kusema, "Lo, na hiki nacho kimefuata nini hapa?" Sauti ya mtu ndani ya nyumba yangu. Sitaki kukuficha, machozi yalinilenga, nikayafuta kwa mkono wenye kutu.

"Mstari wa ubora!" nikapaza sauti. "Nguvu achana nayo!"

"Naona! Nguvu themanini, ubora sifuri!"

"Kama sisi!"

"Sema na dishi, usiseme na mimi! Bado!"

Nikasogeza kidole.

"Bado!"

Nikainua kidogo, nikahesabu.

"Bado! Bado! Eh, eh, hapo hapo! Kumi na tano! Arobaini! Imekuja, wifi, imekuja, kuna mtu anasoma habari!"

Alisema wifi. Wala hakujua kwamba amesema. Nikachukua spana nikakaza nati ya nyuma. Ikazunguka, ikazunguka, haishiki, meno yamelika yote. Hapo nikaona kipande cha waya kimekatika, kinaning'inia, na kumbe mume wangu ndicho alichofungia miaka yote, hakuniambia. Nikaogopa dishi limeshacheza.

"Vipi?" nikauliza.

"Bado!"

Bado? Basi limeondoka. Nikalisukuma kidole kushoto.

Kukatoka ukelele mle ndani. "Umefanya nini wewe! Imepotea! Nimekwambia bado!"

"Si ndiyo, umesema bado, nikasogeza!"

"Bado ipo! Nilikuwa nakwambia picha bado ipo!"

"Sasa si ungesema bado ipo! Ukisema bado peke yake maana yake haijaja!"

"Haijaja vipi, na mimi nimeshakwambia imekuja? Mtu akishajua imekuja, ukimwambia bado, si anaelewa bado ipo?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumrudishia. Nikaufunga. Bati lilikuwa la moto, nikakaa juu yake hivyo hivyo. Yale maneno niliwahi kuyasikia. Mwezi wa kumi na moja nilikuwa nayasikia, kila siku, ila yalikuwa yangu.

"Wifi," nikasema. "Siku ile, hospitali. Uliniuliza nini?"

"Usinianze leo."

"Nijibu tu. Uliniuliza nini?"

"Nilikuuliza vipi, anaongea? Ukaniambia bado." Sauti yake ikapanda. "Na mimi nikakaa chini nikamalizia sketi za watu, nikisema akianza kuongea nitaitwa!"

"Jirani alikuwa ameshakufikia?"

"Jirani yupi? Jirani alikuja na habari zake jioni, watu tumeshalia mpaka tumechoka. Alipitia kwanza kazini kwake."

"Mimi nilijua amekufikia tangu saa nne," nikasema, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sikuwa na sauti, sijui hata kama alisikia vizuri. "Nilijua unajua ameamka. Nilikuwa nakwambia bado, wifi. Bado anaongea. Nilikuwa nakuharakisha."

Kile kioo alishakisogeza, na kutoka juu ya paa huoni ndani, unaona ukingo wa dirisha na pazia tu. Nikasikia kitu kimeanguka sakafuni, nadhani rimoti. Nikangoja. Nilitaka anitukane, nilitaka alie, lolote, ilimradi asinyamaze tena.

"Saa kumi kasoro dakika saba," akasema. Sauti imekwama puani. "Geuza dishi."

Nikageuza. Mara hii tulikuwa tunasemezana kama watoto wa darasa la kwanza, kila neno na mkia wake. "Bado haijaja!" "Bado haijaja!" "Inakuja!" "Imekuja!" "Ipo!" "Bado ipo!" Nikafunga kipande cha kamba ya nguo nilichojifunga kiunoni mahali pa ule waya, nikakaza kwa nguvu zangu zote. Nikaachia. "Imepotea!" Nikalirudisha kwa mkono. "Imerudi!" Nikaifunga upya, kwa kuizungusha mara tatu. Nikaachia. "Imepotea, jamani, muda!" Nikalishika tena, likatulia. Kamba ilikuwa inavutika upana wa unywele, na unywele mmoja unatosha kuyapoteza mawimbi. Nikaelewa kwamba jioni ile kifungio ni mimi.

"Kinaanza!" wifi akapiga kelele. "Wimbo wao unapigwa! Shuka, mbio!"

"Tazama wewe. Mimi nimelishika."

"Umeshika nini?"

"Dishi. Nati imekufa. Nikiachia linaondoka."

"Basi nakuja nishike mimi, wewe uingie!"

"Na goti hilo? Ukivunjika nikuuguze mimi? Tazama mbele!"

"Wewe ndiye mkewe!"

"Na wewe hukumsikia siku ile!" nikamwambia. "Mimi nilimsikia saa nne nzima na nusu. Zamu yako. Tazama mbele, wifi, usinitie hasira, nitaachia!"

Nisikudanganye kwamba nilikuwa na furaha. Nililia kwa uchungu. Mwaka mzima nimekingoja kile kitu, nimekipandia ngazi mara kumi na mbili, na sasa kiko chini ya miguu yangu, chini ya bati, na mimi natazamana na tangi la maji la mwalimu. Kama kuna mtu alikuwa peke yake duniani dakika ile, alikuwa ni mimi, nimekumbatia dishi.

Wifi akaongeza sauti mpaka mwisho. Kwanza ikaja sauti ya mwanamke anayehoji, nyembamba, naisikia ila maneno siyapati. Halafu ikaja nyingine ya chini, ya taratibu. Ilipita dirishani, ikapanda kwenye ukuta, nikaisikia kwenye bati kwa magoti yangu kabla sijaisikia kwa masikio. Maneno hayakufika hata moja. Lakini alikuwa yeye. Ile namna ya kusimama katikati ya sentensi kama amepoteza skrubu, anaitafuta, anaipata, anaendelea. Hiyo nilikuwa nimeisahau kabisa.

"Kavaa shati la bluu!" wifi akanipigia kelele. "Lile nililomshonea!"

"Najua! Nilimpigia pasi mimi!"

"Anafungua saa ya mtu! Wanamwuliza macho yanaona? Anasema yanaona ya karibu, ya mbali anamwachia mke wake!"

"Muone!"

"Wanamwuliza kelele za saa zote hizo, tiki tiki kutwa, hazimchoshi?"

Sauti ya chini ikaongea kwa muda mrefu. Ikasimama, ikatafuta skrubu yake, ikaendelea.

"Anasema nini?"

Nikagonga bati kwa goti.

"Wifi! Anasema nini?"

"Anasema hazimchoshi." Alikuwa analia sasa, waziwazi, anavuta maneno moja moja. "Anasema nyumbani nina wanawake wawili, mke wangu na dada yangu. Wanabishana tangu asubuhi. Watu wananihurumia. Lakini mimi nikiwasikia najua kila kitu kinakwenda. Saa inayolia haina shida, anasema. Inayoletwa kwangu ni ile iliyonyamaza."

Mikono ilikuwa inawaka moto kuanzia mabegani. Sikuthubutu hata kujifuta pua. Nilikaza vidole nikatazama chini uani, nikauona ule mfereji, umejaa majani ya mwaka mzima.

"Bado anaongea?" nikauliza.

"Bado anaongea!"

"Bado anaongea?"

"Bado! Anaongea!"

Kisha ikaja muziki, na mtu anayetangaza sabuni.

Wifi akatoka nje. Gauni la kijani limelowa kifuani. Akazunguka nyumba akaja mpaka chini ya ngazi, akaniangalia juu, mdomo wazi, anataka kuniambia umeona alivyocheka, nikamwona anakumbuka kwamba sikuona. Akashika kiuno chake. Akaangalia huku na huku uani kama mtu anayetafuta pa kuanzia kufagia.

Halafu akakaa kwenye kidato cha chini cha ngazi, taratibu, goti limenyooka mbele, akaanza kunihadithia kuanzia mwanzo. Kamera inaingia kwa ngazi. Kwanza inaonyesha viatu vya watu wanaopita. Halafu meza. Halafu mikono yake. Anasema habari zenu, karibuni, hapa ni padogo. Aliyasema kwa sauti ya kaka yake, akisimama pale pale alipokuwa anasimama, maana wamezaliwa tumbo moja na koo ni moja, na mimi miaka yote sikuwahi kulitambua hilo kwa sababu kila alipoongea nilikuwa namkatiza. Sikumkatiza. Dishi halikuwa na kazi tena, ungeweza kuligeuzia popote, lakini mikono haikukubali kuliachia.

Akifika mahali ananyamaza, anapenga kamasi kwa upindo wa gauni. Mimi kule juu nainama.

"Ndiyo amemaliza?" namwuliza.

"Bado."

"Bado nini?"

"Bado anaongea."